Kilo 2 Tu, Lakini Suruali Haifungi

Mtoto wa dada yangu alianza chuo hapa Uingereza mwezi wa tisa. Alipokuja kwangu likizo ya Desemba, tulimpigia mama yake Tanga kwa video. Dada akapiga kigelegele: "Mashallah, mwanangu kanawiri!" Nilicheka naye, ila nilikuwa nimemwona kijana akipanda ngazi za kwangu, ghorofa ya tatu tu, akasimama katikati kutafuta pumzi. Huyu nyumbani alikuwa akicheza mpira kila jioni.

Nikampandisha kwenye mizani. Kilo 70, alipofika nchini alikuwa na 68. "Si unaona mama mdogo, kilo 2 tu." Kweli. Wamarekani husema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongeza ratili 15, karibu kilo 7, lakini tafiti nyingi zimekuta wastani hauzidi kilo 3, na wapo wanaopungua. Tatizo ni kwamba mizani haitenganishi nyama na mafuta. Ukiacha mpira, misuli hupungua, mafuta huingia, na namba inasogea kidogo tu.

Nikachukua futi ya fundi cherehani. Kiuno, kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, akiwa ameshusha pumzi: sentimita 89. Urefu wake ni 172. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya hapa, ilishauri mwaka 2022 kiuno kibaki chini ya nusu ya urefu. Nusu yake ni 86. Mwongozo huohuo unasema kwetu sisi wenye asili ya Afrika, na kwa Waarabu na Wahindi pia, BMI ya 23 tayari ni uzito uliozidi, si 25, kwa kuwa kisukari hutupata tukiwa na uzito mdogo zaidi. Yake ilikuwa 23.7. Babu yake, yaani baba yangu mzazi, alikatwa mguu kwa kisukari. Ningenyamazaje?

Nikamuuliza siku yake inakwendaje. Kutoka bweni hadi darasani dakika tatu. Chakula anaagiza kwa simu, saa sita usiku. Soda za kukesha na vitabu. Kulala saa tisa. Tanga alikuwa akitembea nusu saa kwenda kituo cha daladala, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa yale ndiyo yalikuwa mazoezi.

Sikumkataza ugali. (Poda za protini alizotaka kununua nilimkataza, mayai na maharage yapo.) Tulikubaliana zile dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, siku 2 za mazoezi ya misuli, na atafute wenzake wa mpira.

Dada nilimweleza baadaye, peke yake. Akanyamaza kidogo. "Sasa nikimpigia nimwambieje? Amenenepa?"

"Usimwambie hivyo. Muulize Jumapili walifungana ngapi."