Mzazi ana haki ya kujua bweni lina watoto wangapi

Asubuhi ya Septemba 6, 2024, wazazi walifurika langoni mwa Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri, kila mmoja akiuliza swali lile lile: mtoto wangu yuko wapi? Usiku uliotangulia, bweni la wavulana lililokuwa na watoto zaidi ya 150 lilikuwa limeteketea. Siku hiyo serikali ilitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani waliko. Tangazo hilo halikumaanisha kwamba wote wamefariki. Wapo waliokimbilia kwa majirani wa shule gizani, wapo waliochukuliwa na jamaa zao bila jina kukatwa kwenye orodha yoyote, na kulinganisha waliosajiliwa na waliopatikana kukawa kazi ya kufanywa huku moshi bado unafuka na wazazi wanalia. Hatimaye ilibainika kwamba wavulana 21 wamekufa, na ikabidi vipimo vya DNA vitumike kuwatambua.

Tumezoea kuitazama idadi ya wanafunzi na usalama wao kama mambo mawili yasiyohusiana. Uandikishaji ni kazi ya ofisi: fomu, cheti cha kuzaliwa, risiti ya karo. Mazoezi ya kujiokoa ni kazi ya zimamoto, yakifanywa. Mimi nasema ni jambo moja. Idadi ya waliolala bwenini usiku fulani ndiyo inayoamua kama watatoka wote mlangoni, na ndiyo itakayotumika kuwahesabu wakishatoka. Kwa hiyo kila shule ya bweni, ya umma au ya binafsi, inapaswa kumwandikia mzazi kila muhula: bweni analolala mwanawe lina watoto wangapi na lilijengewa wangapi, zoezi la mwisho la kujiokoa lilifanywa lini, watoto walitoka kwa dakika ngapi, na kasoro gani ilionekana. Bila taarifa hiyo, mzazi anamkabidhi mtoto kwa imani tupu.

Tazama jinsi watoto wetu wamekuwa wakifa kwa moto. Machi 1998, wasichana 26 walikufa katika shule ya Bombolulu huko Pwani. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika shule ya Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yamezibwa kwa vyuma. Jirani zetu Tanzania walizika wasichana zaidi ya 40 wa shule ya Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, na wengine 12 wa Idodi, Iringa, mwaka 2009. Chanzo cha moto kilitofautiana. Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi, Idodi ikasemekana ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akisoma usiku, kwingineko ikatajwa hitilafu ya umeme. Tume na kamati zetu hutumia muda mwingi kumtafuta aliyewasha, na ni haki atafutwe. Lakini ukizisoma habari hizi moja baada ya nyingine, kinachojirudia ni mlango usiofunguka, dirisha lisilopitika na vitanda vilivyobanana kiasi kwamba anayeamka gizani hajui apite wapi.

Wizara ya Elimu ya Kenya inalijua hili tangu zamani. Mwongozo wake wa viwango vya usalama shuleni, uliotolewa mwaka 2008, unataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano au zaidi na ufunguke kwa nje. Unataka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2 na njia ya kupita isipungue mita mbili. Unataka pia majina yaitwe kila siku, na kumbukumbu ihifadhiwe. Hayo hayahitaji utaalamu wa uhandisi. Mzazi yeyote mwenye futikamba anaweza kuyapima siku ya kutembelea watoto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia apime. Barua ya kujiunga na shule humtajia godoro na ukubwa wake, blanketi na rangi yake, ndoo, sanduku la chuma, kufuli, idadi ya soksi. Mara nyingi haimwambii hilo godoro litatandikwa kwenye bweni lenye watu wangapi, wala mlango wa karibu uko hatua ngapi kutoka hapo.

Ajabu ni kwamba hesabu yenyewe ipo. Shule ya umma nchini Kenya humsajili kila mwanafunzi katika mfumo wa taarifa wa serikali, kwa sababu mgao wa fedha za serikali hufuata idadi: kwa shule ya upili, Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, angalau kwenye vitabu. Idadi hupanda kutoka kijijini hadi Jogoo House, makao ya wizara jijini Nairobi, na huko hugombaniwa, hukaguliwa, hukatwa. Haiteremki kumfikia mama aliyempeleka mwanawe. Na kwa kuwa fedha hufuata vichwa, mkuu wa shule ana kila sababu ya kupokea mwanafunzi mmoja zaidi, na mwingine, na mwingine, hasa tangu serikali ilipoamua kwamba kila anayemaliza shule ya msingi aendelee na masomo. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Mabweni hayakuongezeka kwa kasi ile ile. Asiyeona idadi ya bweni hawezi kujua ni lini kitanda cha mwisho kilizuia njia.

Zoezi la kujiokoa ndilo linaloifanya hesabu iseme ukweli. Chukua zoezi la usiku lililofanywa sawasawa. Kengele inalia saa nne, taa zimezimwa, watoto wamelala. Kiranja wa kila upande anasimama mlangoni, matroni anapita vitanda vya chini na vya juu akigusa kila blanketi, watoto wanatoka bila viatu wala masanduku hadi uwanjani, wanajipanga kwa vyumba, na orodha ya usiku huo inasomwa kwa mwanga wa tochi. Hapo ndipo mambo hujitokeza. Mlango wa nyuma una kufuli na ufunguo uko kwa mlinzi wa lango. Mtoto wa Gredi ya 4 kwenye kitanda cha juu ameshindwa kushuka peke yake. Orodha ina majina mawili ya watoto waliokwenda nyumbani wagonjwa tangu Jumanne, na haina jina la aliyehamia juzi. Kila moja ya kasoro hizo, siku ya moto, ni kifo au ni mzazi anayezunguka hospitali akimtafuta mtoto aliye salama nyumbani kwa shangazi yake. Zoezi linazigundua bila gharama. Lakini zikibaki kwenye daftari la shule, aghalabu hubaki hapo hapo muhula mzima, kwa kuwa anayezijua ndiye anayepaswa kuzirekebisha na hakuna wa kumuuliza.

Wapo watakaosema taarifa za namna hii zitawatia wazazi hofu. Siukubali woga huo. Mzazi wa Kenya tayari ana hofu. Kila habari ya moto inapotangazwa redioni simu za walimu hupigwa hadi usiku wa manane. Hofu isiyo na taarifa huzaa uvumi. Anayejua kwamba watoto 80 walitoka kwa dakika mbili mwezi uliopita ana kitu cha kushika, na anayejua kwamba walichukua dakika saba ana la kudai.

Hoja nzito zaidi ni ya uchomaji wa makusudi. Mwaka 2016 pekee shule zaidi ya 100 nchini Kenya zilichomwa, nyingi na wanafunzi wenyewe, na wakuu wa shule wanauliza kama ni busara kuandika hali ya mabweni mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Swali hilo linastahili jibu. Mwanafunzi anayelala bwenini analijua kuliko mkaguzi yeyote: anajua ufunguo uko wapi, mlinzi hulala saa ngapi, dirisha lipi limelegea. Ripoti ninayoidai haimwongezei lolote. Itaje idadi, tarehe ya zoezi lililokwisha kufanywa, muda uliotumika na hatua iliyochukuliwa; isitaje ratiba ya zoezi lijalo wala mahali funguo zinapowekwa. Anayeachwa gizani leo ni mzazi, na huyo hachomi bweni.

Kuhusu mzigo wa kazi, nitasema machache. Ujumbe wa salio la karo humfikia mzazi kwenye simu bila kukosa, na tangazo la safari ya elimu hufika kwenye kundi la WhatsApp la darasa siku hiyo hiyo. Mistari minne kuhusu bweni itapita njia hizo hizo.

Inayoniumiza ni hoja ya shule maskini. Shule ya binafsi ya karo nafuu, au ya umma iliyo mbali na mji, ikitangaza kwamba bweni la watoto 60 linalaza 100, wazazi wenye uwezo watawahamisha wao, na watakaobaki ni wasio na pa kwenda. Mara nyingi bweni hilo limejaa kwa sababu njia ya kutembea ni ndefu na si salama kwa binti. Sidharau hilo hata kidogo. Lakini kunyamaza hakujawahi kumjengea mtoto maskini mlango. Baada ya Endarasha, serikali ilikagua mabweni ya shule za msingi na mnamo Novemba 2024 ikaamuru sehemu za bweni katika shule 348 zifungwe. Katika shule hizo, huenda watoto waliokuwa wakilala humo miaka yote walijulishwa hatari siku ile ile walipoambiwa waondoke. Wazazi wangejua mapema, wangekuwa na nafasi ya kuibana bodi, kumfuata mbunge wao kuhusu fedha za mfuko wa maendeleo ya jimbo (NG-CDF), au kuamua katika mkutano wa wazazi kwamba mlango wa pili utangulie basi jipya la shule. Mlango haugharimu kama basi, ingawa haupigwi picha siku ya uzinduzi.

Itaulizwa nani atahakikisha ripoti ni ya kweli, maana karatasi hupokea chochote. Muundo upo tayari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka chama cha wazazi kwa kila shule, chenye wawakilishi wa madarasa. Wawakilishi wawili wakialikwa kushuhudia zoezi, saa mkononi, na kutia sahihi hesabu iliyosomwa uwanjani, ripoti ya kubuni itakuwa ngumu kuandika. Sheria nayo haijakaa kimya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na vilevile zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine zikihitajika ili kutekeleza au kulinda haki. Sioni haki inayostahili kulindwa kuliko uhai wa mtoto aliyelala, na kwa hiyo shule ya binafsi haiwezi kujificha nyuma ya ubinafsi wake.

Wizara inaweza kulifanya hili kuwa sharti la usajili wa bweni kwa waraka mmoja, na inapaswa kufanya hivyo kabla ya muhula ujao. Nawe mzazi usiusubiri waraka. Kabla ya kulipa karo, mwombe mkuu wa shule akuandikie idadi ya watoto katika bweni la mwanao, tarehe ya zoezi la mwisho na muda waliotumia kutoka. Akikataa, andika ombi hilo hilo kwa bodi ya shule na nakala kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, taja Kifungu cha 35, na mwombe mzazi mwenzako atie sahihi pamoja nawe.