Pikipiki ya baba mkwe

Kama kuna mtu angeniambia kwamba likizo yangu ya Desemba ningeimaliza nimeshika tupa na matambara yenye grisi, ningemcheka mpaka machozi. Mimi huyu, wa kalamu na kiyoyozi? Lakini ndoa bwana, ina mambo yake.

Mume wangu ni Muha wa Makere, kule Kasulu, ukiwa umeshika njia ya kwenda Kibondo. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifariki 2019, akaacha migomba, shamba la maharage na Honda CG 125 aliyoinunua mkononi mwa mtu mwaka 1989. Tangu msiba, pikipiki ilikuwa imelala ghalani chini ya turubai. Safari hii mume wangu akasema tunaifufua, tunairudisha kama ilivyotoka kiwandani, kisha tunaishusha Dar. Nikakubali chapchap, na sababu yangu naijua: nilishajiona jioni ya Jumapili, miwani ya jua usoni, nimekaa nyuma ya mwenzangu tunakatiza Coco Beach. Bomba, au sio?

Turubai likafunuliwa. Mwe! Ile haikuwa pikipiki, ilikuwa karakana inayotembea. Nyuma kulikuwa na keria la nondo refu kama kitanda cha mtoto. Juu ya tangi kuna mto ulioshonwa kwa mpira wa tyubu, siti ya mtoto. Kando ya taa kuna swichi ya ukutani, ile ile ya kuwashia taa chumbani. Kifuniko cha mnyororo ni nusu ya kidumu cha mafuta ya kula. Na mahali pa chujio la hewa, naapa, palikuwa na soksi.

Kabla hujacheka sana, fikiria mazingira. Honda walianza kuitoa CG 125 mwaka 1976, wakiwalenga watu wa nchi kama zetu: injini isiyo na makuu, isiyohitaji matunzo ya kila siku, hata mnyororo wakaufunika wote ili vumbi lisiutafune. Ilikubalika kiasi kwamba injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba bodaboda zetu leo ni nakala zake au ndugu zake. Ila mwalimu wa Makere miaka ya tisini angepata wapi kifuniko kipya? Kipuri kilisubiriwa kije na treni ya Reli ya Kati mpaka Kigoma, kikifika bei yake inakula mshahara. Basi mzee akikosa, anaunda.

Tulimpata fundi pale senta, kijana mpole, mkali wa kazi. Kitu cha kwanza alituzuia tusiguse chochote. “Pigeni picha kwanza, kila upande. Na kila waya mnaoutoa, ufungeni karatasi muandike ulikotoka.” Simu zetu za gharama hatimaye zikapata kazi ya maana. Kisha akatoa betri, akashusha tangi na kulisogeza mbali, kwa sababu cheche za kukatia chuma na harufu ya petroli havikai nyumba moja. Bolti zilizoshika kutu akazimwagia dizeli, akaziacha zilale usiku mzima. Mume wangu, mwenye haraka zake za mjini, alilazimisha moja siku hiyo hiyo. Ikakatika kichwa. Fundi hakusema kitu, akamtazama tu.

Vitu vingine vilikuwa vya kutoa bila mjadala. Soksi, kwa mfano. Vumbi jekundu la kule ni jembamba kama unga. Likipita kwenye kabureta linaingia ndani ya silinda na kusugua pistoni na ringi kama msasa. Ndiyo maana pikipiki ilikuwa inatoa moshi wa bluu: ringi zimekwisha, oili inapanda na kuungua pamoja na petroli. Na fyuzi! Mzee aliiondoa, akaweka kipande cha waya. Sasa fyuzi kazi yake ni kukatika yenyewe kabla waya haujashika moto. Ukiweka waya mahali pake, kitakachoungua ni pikipiki, na wewe ukiwa juu. (Wangapi tuna waya wa namna hiyo ndani ya nyumba zetu, tunajisifu kwamba hatugombani kamwe? Haya, tuendelee.)

Kidumu cha mnyororo tulikitoa, halafu tukakirudisha. Kipuri halisi hatukukipata, na kidumu kilikuwa kimefanya kazi nzuri. Sproketi ya nyuma, ambayo mzee aliweka yenye meno mengi zaidi, fundi aliitetea pia. Mwendo unapungua, lakini milima ya kule inapandika ukiwa na gunia la maharage nyuma.

Likabaki keria. Uzito wote ule nyuma ya tairi unafanya usukani uwe mwepesi, mbele panacheza. Mume wangu akasita kidogo. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti: “Hivi vyuma vya kienyeji tuvitoe vyote bwana, tumekuja kuisafisha au kuiabudu?” Fundi akakata. Hakukata mpaka kwenye fremu. Aliacha kisiki kidogo, akakimalizia taratibu kwa tupa ili asijeruhi bomba la fremu. Pamoja na keria kikatoka kimshikio kilichokuwa ubavuni mwa siti, kimeviringishiwa vitambaa vya khanga vilivyochakaa. Vyote vikaingia kwenye gunia la chuma chakavu.

Jioni mama mkwe akaja kuangalia. Nikamwamkia, akaitikia, akaizunguka pikipiki mara moja. “Mkwe, chuma changu kiko wapi?”

Mwaka 1991 alikuwa na mimba ya wifi yangu, na kliniki yake ilikuwa hospitali ya Kabanga. Mvua zilikuwa zinanyesha. Kwenye mteremko pikipiki ikateleza, akaanguka, akatua ubavu. Mimba ilisalimika, lakini alimwambia mumewe kwamba hatapanda tena kitu hicho maisha yake yote. Wakakaa siku tatu hawaongei. Siku ya nne mzee akaondoka asubuhi, akarudi na mshikio umechomelewa, ameuviringishia khanga ili usimchubue kiganja. “Hakuniomba radhi,” mama akasema. “Yeye alikuwa haombi radhi. Alileta hicho chuma.”

Niliinama pale nilipo. Mume wangu naye hakuwa anaijua habari hiyo. Alizaliwa kabla, alikuwa mdogo. Usiku chumbani tukachapana maneno. “Wewe ndiye uliyesema vyote.” “Mama ni wako, ungemuuliza!” Kila mmoja alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo tuliishikilia mpaka tukalala tumepeana migongo.

Kabla ya saa moja asubuhi tulikuwa mlangoni kwa fundi, bila hata kusemezana njiani. Mnunuzi wa chuma chakavu angepita siku hiyo. Tukamwaga gunia chini, tukapekua nondo moja moja. Kilikuwepo. Khanga imechafuka, lakini kipo.

Nikataka kichomelewe hapo hapo. Fundi akakataa: chuma cha fremu kikichomwa moto mara kwa mara kinadhoofika, na pale palishachomwa. Akatengeneza kibano cha bati nene chenye bolti mbili, akaweka kipande cha mpira katikati, akakifunga. Kikakaa imara kuliko zamani.

Tulipofika nyumbani mama hakusema mengi. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kutokea na kapu mkononi. Akakaa upande, akashika chuma chake. “Twende sokoni,” akamwambia mwanae. Wakateremka polepole, moshi wa bluu hakuna tena, mimi nimebaki uani na matambara yangu.

Pikipiki bado iko Makere. Coco Beach nitakwenda kwa daladala. Tukutane mwezi ujao!