Pipa Tupu Lina Mvuke

Kuanzia Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, petroli huuzwa kwa chupa na dumu, maana kituo kiko mbali na bodaboda lazima itembee. Sibishani na uhitaji huo. Nabishana na maneno yanayosemwa juu yake, kwa sababu yanaua.

Wanasema petroli haiwaki mpaka uiguse na moto. Kinachowaka hasa ni mvuke, nao hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Asubuhi ya ukungu pale Kayanga ni joto tele kwake. Mvuke huo una uzito mara tatu hadi nne ya hewa. Hutambaa sakafuni, hupenya chini ya mlango, hulifikia jiko la mkaa la jirani, kisha moto hurudi ulikotoka mvuke. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kando ya lori la mafuta lililopinduka na kuwaka, mahali pa wazi kabisa. Kwa hiyo lile neno la "tuko nje, upepo upo" nalo lifutwe.

Wanasema pampu ni pampu. Hapana. Kila swichi ikizimwa hutoa cheche, hata usipoiona. Mota ya pampu ya kituo hufungiwa katika kasha nene lenye alama ya Ex: mvuke ukilipuka humo ndani, mwali hupoa ukipita kwenye mwanya mwembamba wa mfuniko, ukatoka bila nguvu ya kuwasha. Fundi akirudisha mfuniko na kuacha bolti moja, kinga imekwisha. Na vile vipampu vya betri vinavyonyonya mafuta kwenye mapipa, vingi vimetengenezwa kwa dizeli tu.

Simu? Hofu imekuzwa. Umeme tuli ndio wa kuogopa zaidi: dumu lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya pikipiki.

Linaloniumiza zaidi ni hili la mwisho: "Pipa ni tupu, chomelea tu." Petroli hulipuka mvuke wake ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya pipa lililojaa, mvuke mara nyingi umezidi kiwango hicho. Lililomiminwa limeingiza hewa, na mabaki kidogo tu yanatosha. Kulisuuza kwa maji hakuyaondoi. Fundi, ukiletewa pipa lililobeba petroli, likatae, hata kama mwenye nalo ni shemeji yako.