Pluto, Dagaa na Suala la Majina

Kila nitoapo mhadhara juu ya elimu ya falaki huulizwa: Pluto ilifanya kosa gani hata ikavuliwa cheo? Swali hilo ladhihirisha kasoro katika ufundishaji wetu. Tumewazoeza vijana kuhesabu sayari kama wahesabuvyo mikoa, hata idadi ikipungua hudhani kuna aliyeonewa.

Tuchukue mfano wa karibu. Mnunuzi afikapo mwalo wa Kibirizi, Kigoma, au ufukweni Ujiji, huuziwa dagaa. Akienda Mwanza atauziwa samaki wengine wadogo waliokaushwa, nao huitwa dagaa. Kwa mpishi jina hilo latosha kabisa. Lakini mtaalamu wa samaki atamweleza kuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika ni aina mbili za ukoo wa sardini, ambao wengi wao huishi baharini, ilhali dagaa wa Ziwa Victoria ni jamaa wa ningu. Mpishi hutazama umbo na matumizi. Mtaalamu hutazama nasaba. Samaki ni wale wale.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Pluto. Clyde Tombaugh alipoigundua mwaka 1930, ilionekana kuwa peke yake ng'ambo ya Neptuni, ikaitwa sayari ya tisa. Tangu mwaka 1992 yamegunduliwa huko maelfu ya magimba mengine ya barafu na mawe. Mwaka 2005 ikatangazwa Eris, ambayo baadaye ilithibitika kuwa nzito kuliko Pluto. Ama Eris nayo ingeitwa sayari, na nyingine zikafuata bila kikomo, ama kipimo kingetazamwa upya. Agosti 2006, mjini Prague, Chama cha Kimataifa cha Wanafalaki kiliamua kwamba sayari sharti ilizunguke Jua, iwe tufe kwa nguvu ya uvutano wake yenyewe, na iwe imetawala njia yake. Sharti la tatu ndilo liliiangusha Pluto. Ceres, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, ilikwisha kupatwa na hayo hayo katika karne ya 19: iligunduliwa mwaka 1801, ikaitwa sayari, kisha ikaondolewa walipoonekana majirani zake wengi.

Uamuzi wa Prague naukubali. Jina ndilo linikeralo: mbuzi kibete ni mbuzi, basi kwa nini sayari kibete isiwe sayari?

Wala Pluto yenyewe haikupungukiwa kitu. Kipenyo chake, kilomita 2,377, hakifiki urefu wa reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma mara mbili. Hata hivyo chombo New Horizons kilipoipita Julai 2015 kilipiga picha za milima ya barafu ya maji na uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda.

Kwa hiyo nawashauri walimu wa Kigoma walete darasani dagaa wa maziwa yote mawili, wanafunzi wawapange kwa makundi na kubishana juu ya vipimo vyao. Baada ya hapo mwalimu aweza kuandika ubaoni kwamba sayari ni nane, na awe tayari kuulizwa kwa nini.