Mwalimu Hawekwi Kwenye "Mengineyo"

Waliokuwapo kwenye kikao cha kamati ya jumuiya yetu mwezi uliopita wanajua kilichotokea, na wasiokuwapo wameshasikia kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na chumvi yake. Kwa wale waliokwisha jitoa kwenye kundi (nao si haba), turudie. Ajenda zilizosambazwa zilikuwa tano. Hoja ya kufuta mhadhara wa Mwalimu Nyerere wa kila tarehe 14 Oktoba, na badala yake kuweka usiku wa muziki na nyama choma, haikuwamo. Iliibukia kwenye "Mengineyo", mwenye ukumbi ameshaanza kuzima taa, wajumbe saba wamebaki kati ya kumi na watano. Wanne wakanyoosha mikono. Katibu akaandika: imepitishwa.

Haijapitishwa. Kwanza, akidi ya kamati ni wajumbe wanane, na saba hawajawahi kuwa wanane. Pili, hata wangekuwa wote kumi na watano, mhadhara umo ndani ya katiba ya jumuiya, kifungu kile kile tulichobishania hadi mwenyekiti wetu wa kwanza akatishia kujiuzulu. Kilichomo kwenye katiba hubadilishwa na mkutano mkuu tu: taarifa ya maandishi siku 21 kabla, nusu ya wanachama waliolipa ada wawepo, na theluthi mbili ya kura. Ujumbe wa sauti si taarifa ya maandishi. Kidole gumba cha WhatsApp si kura. Na ndugu wanaoulizia kura ya wakala: barua iwe na saini, imfikie katibu saa 48 kabla, na mtu mmoja asibebe zaidi ya kura mbili. Safari iliyopita kuna aliyekuja na tisa mfukoni.

Tuje kwenye hoja yenyewe. Wenzetu wanasema vijana hawaji. Kweli, hawaji, kwa sababu kila mwaka tunamleta mzee yule yule awasomee sifa zile zile kwa saa mbili. Lakini wanasema pia kwamba Mwalimu "aliua uchumi", kwa hiyo hastahili siku. Basi waje walisemee hilo kwenye mhadhara! Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu, wengi kwa nguvu, na kuna walioona nyumba zao zikichomwa moto. Sheria ya 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kushitakiwa. Hayo yasemwe, na yakisemwa, na mengine yahesabiwe. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye kampuni au nyumba ya kupangisha. Nani leo angethubutu kuliandika? Mwaka 1985 aling'atuka urais mwenyewe, akarudi Butiama kulima. Na mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipokuta kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni bado wanataka chama kimoja, Mwalimu, mwasisi wa chama hicho, alikuwa miongoni mwa waliotaka wale wachache wasikilizwe. Vyama vingi vikaruhusiwa 1992. Mtu wa namna hiyo sisi tunamfuta kwa mikono minne, usiku, watu wakitafuta makoti yao.

Tena tunamfutia hapa Uingereza, alikosoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na alikofariki tarehe hiyo hiyo, 14 Oktoba 1999, katika Hospitali ya St Thomas', London, ng'ambo ya mto kutoka Bunge lao. Nyama choma hatuikatai. Ina siku yake, Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba, na kamati ya sherehe inajua kwamba ukumbi wa Desemba mwaka jana tuliulipia ukakaa mtupu.

Kinachotuudhi zaidi si wale wanne. Wao angalau walibaki hadi mwisho. Nauli ya Mwalimu kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955 ilichangwa na wanachama wa chama chake, TANU, ambao wengi wao hawakuwa na kitu; sisi wenye kazi mbilimbili ada ya mwaka inatushinda, kisha tunaandika aya ndefu kwenye kundi saa saba za usiku kutetea urithi wake. Asiyelipa ada hahesabiwi kwenye akidi wala hapigi kura, awe na uchungu kiasi gani.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nane kamili, ukumbi wa siku zote. Ada zimfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa, na risiti mje nazo mkononi, maana daftari lake na la katibu bado hayajapatana. Hoja ya mhadhara tumeomba iwe ajenda namba mbili, mara baada ya kuthibitisha kumbukumbu, ili ipigiwe kura kabla chai haijaletwa na watu kuanza kuondoka.