Mbegu Hailiwi

Watu wengi hudhani kwamba elimu ya kutunza fedha hupatikana benki na dukani tu, na kwamba mkulima, kwa kuwa mikono yake ina udongo, hana la kumfundisha mtu katika jambo hilo. Dhana hiyo si kweli. Mkulima hodari alijua kuweka akiba, kupima matumizi na kujikinga na hasara zamani sana, kabla fedha haijafika kijijini kwake. Akiwa na kosa, kosa lake si ujinga. Kosa lake ni kwamba akili aitumiayo shambani huiacha huko huko, wala haendi nayo sokoni.

Yafaa kutazama nchi ya Buhaya, iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Kagera. Huko nyumba husimama katikati ya shamba liitwalo kibanja. Migomba hutoa kivuli na chakula. Chini yake hukaa mibuni. Na katikati ya hiyo hupandwa maharage. Mmea mmoja humlisha mtu kila siku, mwingine humpa fedha mara moja kwa mwaka, na wa tatu huiva upesi na kuziba pengo. Mtu aliyepanga shamba namna hii hakupanga bure. Amejua kwamba riziki isitegemee mlango mmoja. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia katika mkoa ule, mwenye kibanja cha namna nyingi alipata hasara, lakini hakubaki mikono mitupu.

Fundisho la kwanza ni la mbegu. Baada ya mavuno ya maharage, mama wa nyumba huchagua yaliyo mazuri, huyachanganya na majivu ili yasiliwe na fukusi, kisha huyaweka mbali na yale ya kupikwa. Hangoji kuona yatakayosalia mwisho wa msimu, maana ajua kwamba hayasalii. Mbegu hutengwa kwanza, chakula hupimwa baadaye. Lakini mtu yule yule akipata fedha hufanya kinyume: hununua kwanza, na akiba huwa ni zile senti zilizosahauliwa mfukoni. Basi je, mtu ambaye hathubutu kula mbegu kwa nini hula fedha yote? Ni kwa sababu mbegu ikiliwa, shamba tupu humshitaki mbele ya majirani; bali fedha ikiliwa, hakuna aonaye mpaka siku ya shida.

Fundisho la pili ni la kipimo. Chukua mfano wa nyumba iliyovuna maharage pishi 60, na mavuno mengine yatakuja baada ya miezi mitano, yaani siku 150. Pishi 10 ni mbegu. Hubaki pishi 50. Kila pishi ina vibaba vinne, basi ghalani mna vibaba 200. Mama akipika kibaba kimoja kila siku, nyumba itakula vibaba 150, na vibaba 50 vitabaki kwa wageni, kwa kuuza na kwa siku ya msiba. Akipika vibaba viwili kila siku kwa sababu ghala imejaa, chakula kitakwisha siku ya 100, na watoto watangoja mavuno siku 50 wakitazama chungu. Hesabu hii mama huifanya bila kalamu. Fedha ya kahawa nayo huja kwa wingi mara moja, kisha mwaka ni mrefu. Aigawe kwa miezi, kama agawavyo maharage kwa siku. Mwenye kupata shilingi nyingi siku moja asijihesabu kuwa tajiri mpaka ameigawa kwa miezi 12. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Fundisho la tatu ni la kulisha ardhi. Udongo wa Buhaya mahali pengi ni dhaifu kwa sababu ya mvua nyingi, nao haungelisha migomba kwa vizazi vingi kama watu wasingeutunza. Wazee walikata majani katika mbuga iitwayo rweya, wakayatandaza shambani, wakaongeza na samadi ya ng'ombe. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipoua ng'ombe wengi, waliopotewa na mifugo walipotewa na mbolea pia, wala haikuwa kazi ndogo kurudisha rutuba. Mali ni vivyo hivyo. Kinachozalisha hakina budi kulishwa. Fundi asiyenunua msumeno mpya, mwenye duka ale faida na bidhaa pamoja, na mzazi asiyemsomesha mtoto, wote wanavuna bila kutia samadi. Mwaka wa kwanza hawaoni hasara. Mwaka wa tano huiona.

Sasa lipo jambo zito kuliko hayo, nalo huharibu nyumba nyingi. Wakati mwingine mkulima hupatwa na haja kabla kahawa haijaiva: mtoto augua, au karo ya shule yadaiwa, au kuna mazishi. Huja mtu mwenye fedha, hutazama maua ya mibuni, naye hununua kahawa ingali ua. Katika Buhaya desturi hii huitwa butura. Chukua mfano wa gunia litakaloleta shilingi 100 siku ya mavuno. Mnunuzi hutoa shilingi 50 leo. Mkulima hupalilia, hutandaza majani na huchuma, na kisha huliona gunia likienda nyumba ya mwingine. Kwa hesabu hiyo fedha ya mnunuzi imezaa mara mbili kabla mwaka haujatimia, na aliyeizalisha ni yule aliyeshika jembe. Mwaka wa pili mkulima huanza bila fedha, kwa hiyo huuza maua tena. Wakubwa wa serikali wamekataza butura mara nyingi, lakini katazo peke yake haliponyi, maana halimtibu mtoto mgonjwa.

Haifai kumcheka auzaye maua. Mtu hauzi jasho lake kwa nusu bei kwa kupenda. Lakini ni haki kuuliza: fedha ya mavuno yaliyopita ilikwenda wapi? Mara nyingine ilikwenda katika mambo ya lazima, na hapo hana lawama. Mara nyingine ilikwenda katika nguo za fahari, pombe na karamu za siku tatu. Laiti angaliweka kando sehemu moja katika kumi siku ile ile alipolipwa, kama mama anavyotenga mbegu, huenda angaliyavuka matatizo madogo bila kugusa maua. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wapo wasemao, “Maskini hana cha kuweka; maneno haya ni ya wenye navyo.” Neno hili lina ukweli, wala lisipuuzwe. Tena bei ya kahawa haipangwi kibanjani. Kati ya mwaka 1931 na mwaka 1944 serikali ya Brazili ilichoma magunia yapatayo milioni 78 ya kahawa ili bei isizidi kuanguka, na wakulima wa Afrika ya Mashariki walihisi shida ile ile bila kosa lao. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kiasi cha kahawa ya kuuza yalivunjika, na bei ikaporomoka tena. Mkulima aweza kufanya kila jambo sawasawa na bado apate hasara. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuweka akiba, wala si sababu ya kuiacha. Mtu haachi kuezeka nyumba kwa kuwa hana amri juu ya mvua.

Tena, mmoja akiwa dhaifu, wengi huwa na nguvu. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, wakajua faida ya kuuza pamoja. Vivyo hivyo majirani 20, kila mmoja akitoa kidogo kila juma, huweza kumkopesha mwenye mgonjwa kwa riba ndogo, na maua yake yakabaki yake. Ila chama kinataka hesabu iliyoandikwa, isomwe mbele ya wote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha ya wengi hupotea upesi kuliko ya mmoja, kwa kuwa kila mtu humdhania mwenziwe kuwa ndiye mlinzi.

Mtoto wa shule asiseme kwamba mambo haya ni ya watu wazima. Apewapo senti za kununua kalamu, au auzapo mayai ya kuku wake, hapo ndipo shamba lake dogo lilipo. Atenge sehemu ya kwanza kabla ya kununua chochote. Aandike katika daftari kilichoingia na kilichotoka. Alipe deni kabla hajaombwa. Ajifunze kutofautisha haja na tamaa, maana haja hungoja ikapimwa, na tamaa hulia kwa haraka. Na kama wazazi wake ni wakulima, asione haya kuwauliza jinsi wanavyopima ghala, kwa kuwa nyumbani kwake mna elimu ambayo wengine huitafuta vitabuni. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kisicho na mlinzi hakijai. Mlinzi wake ni yule awezaye kujikataza leo, ili kesho asipige hodi mlangoni kwa mnunuzi wa maua.