Mosi na Nne ni Tano



Binti mmoja alitupigia simu baada ya swala ya Isha, akiwa na ubishi mdogo wa nyumbani uliokwisha kuwa mkubwa. Babake alifariki siku chache baada ya Idi, na mamake yumo katika eda. Binti alihesabu kwa simu yake ya mkononi miezi minne na siku kumi, akaipata siku ya mamake kutoka eda, na jamaa wakaanza kujitayarisha kwa siku hiyo. Nyanya, mzaa mama, akakataa katakata. Alisema mwanawe atatoka siku nne kabla ya hapo, na mkononi hakuwa na karatasi wala kalamu.

"Sheikh, tusaidie kumweleza," binti akatuomba. Tukataka kuzungumza na nyanya mwenyewe.

"Mwanangu," alituambia, "marehemu alitutoka saba Mfunguo Mosi. Mosi na nne ni tano. Saba na kumi ni kumi na saba. Basi ni kumi na saba Mfunguo Tano. Kuna nini tena cha kuhesabu hapo?"

Hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Tukamwomba radhi kwa kumsumbua usiku.

Wazee wetu wa pwani waliipokea miezi ya Kiislamu yote kumi na miwili, lakini tisa kati yake wakaiita kwa hesabu, wakianzia pale Ramadhani inapomalizika na watu wakafungua. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulqaada ni Mfunguo Pili, na Dhulhijja, mwezi wa Hija na wa Idi ya kuchinja, ni Mfunguo Tatu. Muharram ni Mfunguo Nne, Safar ni Mfunguo Tano. Rabiul-Awwal ni Mfunguo Sita, na huu hata watoto wanaujua kwa sababu ya Maulidi. Hufuata Saba, Nane na Tisa, yaani Rabiul-Akhir na Jumada zote mbili. Ikishafika Tisa hesabu husimama. Rajabu, Shaabani na Ramadhani huitwa kwa majina yao wenyewe, na majina hayo wakapewa pia watoto waliozaliwa ndani yake, kama Mwanaidi alivyopewa jina la sikukuu aliyozaliwa.

Wengi siku hizi husema "Mfungo Mosi". Hatugombani na mtu kwa herufi moja, wala kamusi hazimkatai. Ila neno limetokana na kufungua, na anayeidondosha ile "u" huugeuza mwezi wa kufungua kuwa mwezi wa kufunga. Sisi tuliposoma chuoni, mwalimu wetu hakuiacha ipite.

Turudi kwenye zile siku nne. Mwezi wa kuandama huwa na siku 29 au 30, haupungui wala hauzidi, na mwaka wake una siku 354 au 355. Mwaka wa kalenda ya ukutani una siku 365 au 366, kwa hiyo huupita ule wetu kwa siku kama kumi na moja. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi ni kiasi cha siku 128. Kalenda ya ukutani, ambayo ina miezi mingi ya siku 31, humfikisha mjane siku ya 130, mara nyingine hata ya 133. Ni siku chache, lakini ni siku za mtu ambaye ameacha mapambo na manukato na ametulia nyumbani kwake kwa kutii amri iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 234. Amri ina mpaka wake, na si juu ya jamaa kumwongezea siku kwa sababu simu imesema hivyo. Mjane mwenye mimba hukumu yake ni nyingine; eda yake humalizika anapojifungua. Na aliyefiwa katikati ya mwezi, wako wanavyuoni wanaoukamilisha mwezi uliokatika kwa siku thelathini, na hapo huenda ikazidi siku moja. Jambo hili aulizwe sheikh wa mtaa mapema, isingojewe wiki ya mwisho.

Kwenye Zaka kosa hilo hilo hujificha zaidi. Mama mwenye biashara ambaye mali yake imefikia kiwango hutakiwa kutoa Zaka kila mwaka wa mwandamo unapotimia. Tumewaona wengi, akina mama kwa akina baba, wakifunga hesabu zao mwisho wa Disemba kwa sababu ndipo wanapohesabu bidhaa za dukani. Kila mwaka huchelewa siku kumi na moja. Fanyeni hesabu pamoja nasi: miaka 33 ya kalenda ya ukutani ni sawa na miaka 34 ya mwandamo. Mtu aliyeanza biashara ujanani akafanya hivyo mpaka uzeeni, ameikosa Zaka ya mwaka mzima, na maskini wameikosa haki yao, na katika muda wote huo yeye anajiona ametoa kila mwaka. Anayetaka kuhesabu bidhaa Disemba na ahesabu, lakini Zaka aipe tarehe yake katika Mfunguo, Rajabu, Shaabani au Ramadhani, na aiandike mahali pa kuonekana.

Nyumba ile ilibadilisha siku. Binti aliturudia kwenye simu, sauti imepoa, akasema ameyaandika majina yote tisa kwa mpangilio. Kisha akauliza: kama mtu amefariki Mfunguo Nane, ukiongeza nne inakuwa kumi na mbili, na hakuna Mfunguo wa Kumi na Mbili, sasa ni mwezi gani?

Tukamwambia ampe nyanya simu.